Chenso ya zamani ikiletwa dukani: ipokee, ila usinunue kwa macho

Msomaji mwenye duka la mashine Makambako ameuliza: wateja wake wa mbao wanataka kuleta chenso (misumeno ya injini) zao za zamani, waongezee hela, waondoke na mpya. Apokee? Na akipokea, aziuze tena?

Apokee. Kule Mafinga, Makambako na Njombe, ambako paini na mikaratusi huangushwa mwaka mzima, ukiikataa chenso ya zamani umempeleka mteja kwa fundi wa jirani, na huko ndiko atakakonunua plagi, cheni na oili kuanzia siku hiyo. Faida ya chenso haipo siku ya kuuza mashine. Ipo kwenye vitu vidogo vinavyokwisha kila wiki. Wanaolia kwamba mashine zilizokwisha tumika zimewatia hasara ni wale walioziangalia kwa nje, wakasikia muungurumo, wakalipa.

Kwa hiyo usianze kwa kuiwasha. Gusa kwanza silinda. Kama ina moto, jua imewashwa kabla ya kuletwa, na chenso yenye moto huficha ugonjwa wa kuwaka kwa shida. Iache ipoe, mnywe chai.

Ikipoa, fungua eksosi. Ni bolti chache tu, na tundu lake litakuonyesha pistoni. Vuta kamba taratibu huku ukimulika na tochi. Pistoni nzima ina ukuta laini, wenye mistari hafifu ya kiwandani. Michubuko ya wima upande wa eksosi maana yake ilifanya kazi na petroli isiyo na oili ya kutosha, au inavuta hewa mahali. Toa na kabureta uangalie upande wa pili: mikwaruzo huko ni vumbi lililopita kwenye chujio bovu. Chenso ambayo pistoni yake imechubuka pande zote mbili ipangie bei ya spea, hata kama mwenyewe anaapa kwamba jana ilipasua mbao.

Halafu geji ya kompresheni, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Ifunge mahali pa plagi, bana ekseleta mpaka mwisho, hakikisha kitufe cha kupunguza kompresheni hakijabonyezwa, vuta mpaka mshale usimame. Kwa mashine za kazi kama Husqvarna 372 XP au Stihl MS 382, ukiona 150 psi kwenda juu uko salama. Chini ya 120 hesabu ringi mpya, pengine na silinda.

Kinachowaponyoka wengi ni oili sili za krenki, mipira inayozuia hewa na oili kupita kwenye ncha za krenki. Iwashe, iache silensa (mzunguko wa chini bila ekseleta), igeuze ubavu huu na huu. Ikipandisha mzunguko yenyewe, au ukiachia ekseleta ikachelewa kushuka, kuna hewa inaingia pasipotakiwa. Ukibadilisha pistoni bila kuziba hewa hiyo, pistoni mpya nayo itajam, na safari hii mteja atarudi na risiti yako. Fundi mwenye pampu ya kupima azibe matundu ya injini, aweke shinikizo la 0.5 bar, kisha avute hewa kwa kiasi hichohicho. Mshale ukishuka, sili, gasketi au mpira wa kabureta unavuja.

Sehemu ya kukatia haihitaji maneno mengi. Gia ya cheni ikiliwa zaidi ya nusu milimita, itoe. Mfereji wa bapa (chuma kirefu kinachobeba cheni) la cheni ya inchi 3/8 usipungue kina cha milimita 6. Elekeza ncha ya bapa kwenye karatasi, kanyagia kidogo: lazima mstari wa oili uonekane. Usipoonekana, mara nyingi ni unga wa mbao umeziba tundu tu.

Breki ya cheni haina mjadala. Ifunge, gusa ekseleta kidogo; cheni isisogee. Chenso ambayo breki yake haishiki usiiweke kaunta. Najua wapasuaji wanaipenda Stihl 070 kwa ule mvuto wa silinda yake ya sentimita za ujazo 106, na baadhi yao watanikasirikia, lakini ni mashine ya kizamani isiyo na breki ya cheni, na mimi simshauri mwenye duka aiuze tena. Ifungue, uza vipuri. Nakala bandia za 070 na za MS 660 usizipokee kabisa.

Sasa bei. Anza na bei utakayouzia, rudi nyuma. Tuseme itauzika 900,000. Toa spea 180,000, ufundi 60,000, na robo ya bei kwa ajili yako na hatari yako, yaani 225,000. Inabaki 435,000, hapo ndipo mwisho wako, anza chini yake. Hela hiyo ipunguze kwenye bei ya mashine mpya, usimpe mkononi. Kama una wasiwasi na mashine, ichukue mali kauli: ikiuzika ndipo umlipe.

Usipokee bila karatasi. Andika namba iliyogongwa kwenye bodi ya injini, piga picha namba hiyo na kitambulisho cha muuzaji, mtie saini mbele ya shahidi. Namba iliyosagwa kwa faili, mrudishie mashine yake. Chenso huibwa sana mashambani, na kupokea mali ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, hata ukiwa na leseni ukutani. Ukiuza, toa risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) kama unavyotoa kwa mpya.

Garantii mpe, ila fupi na iliyoandikwa: siku 30 kwa injini peke yake, cheni na bapa hazimo. Kabla hajaondoka, mchanganyie mbele yake lita 5 za petroli na mililita 100 za oili ya tu-stroku inayokubali 1:50, na uwiano huo uandikwe kwenye risiti. Injini ikirudi imejam, fungua eksosi yeye akiwa amesimama hapo, muangalie pistoni pamoja kabla ya yeyote kusema neno.