Paka mweusi hana kosa

SWALI: Assalaam alaykum. Nina paka mweusi tititi, tunamwita Kaniki. Kila nikimpiga picha usiku ukumbini anatoka doa jeusi lenye macho mawili ya kijani yanayowaka. Mpiga picha mmoja kaniambia rangi hiyo haipigiki: ninunue simu ya megapikseli 108, na kwa sasa nimpake mafuta ya nazi manyoya yang'ae. Nifanyeje? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Wa alaykum salaam. Hayo mafuta yapikie. Paka hujiramba kutwa, atayala yote, na matokeo utayakuta juu ya mkeka.

Flashi izime kabisa. Nyuma ya jicho la paka mna utando unaorudisha mwanga, ndio unaomsaidia kuona kwenye kiza. Flashi ya simu imekaa ubavuni mwa lenzi, kwa hiyo mwanga unaingia jichoni na kurudi njia ile ile kwenye kamera. Simu yoyote itakupa macho hayo, ya laki mbili au ya milioni tatu.

Sasa hili la "rangi haipigiki", ambalo naletewa kila siku na limenichosha. Kamera haijui kama mbele yake kuna paka. Inapima mwanga kwa kukisia kwamba kila kitu ni kijivu cha wastani. Ukigusa kioo cha simu juu ya Kaniki, simu inadhani pana kiza na inaongeza mwanga: paka anageuka rangi ya majivu, chengachenga tele, na ukuta nyuma yake unaungua mweupe. Ukigusa ukuta, paka anazama. Basi mguse yeye, kisha ile alama ya jua inayotokea pembeni ishushe kidogo kidogo mpaka weusi wake urudi na sharubu bado uweze kuzihesabu. Paka mweupe fanya kinyume, ipandishe.

Na usiku achana nao. Mweke karibu na mlango wa uani ulio wazi, saa 2 asubuhi au saa 10 na nusu alasiri, kivulini, mlango uwe ubavuni kwake na ubavuni kwako. Manyoya meusi huonekana kwa mng'ao, na mng'ao huletwa na mwanga wa upande. Ukimmulika usoni anakuwa bapa. Lala chini mpaka lenzi ilingane na macho yake. Mtoto asimame nyuma yako achakurishe mfuko wa dagaa: masikio yatasimama, shingo itanyooka, nawe piga mfululizo kabla hajagundua kuwa haletewi kitu.

Megapikseli? Hizo ni hesabu ya vidoa vinavyounda picha, kwa mamilioni. Simu nyingi za 108 huunganisha vidoa tisa kuwa kimoja, ukaishia na picha ya megapikseli 12, labda uamue mwenyewe kubadilisha kwenye mipangilio ya kamera. Kwenye ukumbi wenye kiza hata hizo 108 hazitakusaidia. Ila kumwambia mteja "nunua simu" ni rahisi kuliko kumsogeza paka mlangoni, na hapo ndipo wapiga picha wetu wengi walipolala. Wanauza mataa ya duara na programu za kung'arisha, mnyama anatoka kama mdoli wa plastiki, halafu wanadai pesa ya kusafisha picha.

Hao angalau wanaharibu picha tu. Siku hizi wapo wanaosema mnyama apewe kidonge atulie. Jamani, paracetamol, hiyo hiyo ya dukani unayomeza ukiumwa kichwa, ni sumu kwa paka. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja kama letu. Dawa ya kumtuliza mnyama huandikwa na daktari wa mifugo, si mtu wa kamera. Na kama mnyama wako ameshapewa, usingoje uone dalili: mkimbize kwa daktari sasa hivi, na pakiti ya dawa uichukue akaione.