Kabla Hujaagiza Kontena la Klachi

Kwenye rafu ya juu kabisa ya duka langu la vipuri, pale Gerezani jijini Dar es Salaam, zipo seti 18 za klachi (kifaa kinachounganisha injini na giaboksi na kuzitenganisha) za Corolla 110 ambazo nimekuwa nikizifuta vumbi tangu mwaka 2017. Niliagiza seti 60 mwishoni mwa 2015, kwa sababu wakati huo teksi nyingi nilizozihudumia zilikuwa Corolla za gia za mkono, na dereva anayeshinda kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro mguu ukiwa juu ya pedali alikuwa mteja wa uhakika. Mwaka 2016 Uber ikaingia Dar es Salaam, madereva wakahamia kwenye IST, Vitz na Passo za otomatiki, na mimi nikabaki na maboksi yangu. Hakuna mshindani aliyeninyang'anya wateja hao. Walibadilisha gari tu, na gari lenyewe halina pedali ya klachi.

Naandika makala haya kwa sababu vijana wanaotaka kuingia katika biashara ya spea huniuliza kama klachi bado inalipa, na baadhi yao huja na ripoti walizozisoma mtandaoni zinazosema kwamba soko la klachi duniani linakua. Sibishani na ripoti hizo, lakini namshauri kila mwenye mtaji mdogo aulize kwanza: klachi inayohesabiwa humo ni ipi, na mnunuzi wake ni nani? Gari la otomatiki nalo lina klachi ndani yake. Giaboksi ya kawaida ya otomatiki ina sahani kadhaa zinazobana na kuachia kwa shinikizo la mafuta, na ndani ya konveta, kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi kwa kutumia mafuta, mara nyingi huwamo klachi nyingine inayofunga injini na giaboksi gari likishashika mwendo. Volkswagen ilipotoa giaboksi ya DSG kwenye Golf mwaka 2003, iliweka klachi mbili mahali palipokuwa na moja, moja ikishughulikia gia za witiri na nyingine gia za shufwa. Kwa hiyo viwanda kama Schaeffler yenye chapa ya LuK, ZF yenye chapa ya Sachs, Valeo ya Ufaransa, na Exedy na Aisin za Japani vinaweza kuuza klachi nyingi kwa watengenezaji wa magari na giaboksi, huku muuzaji wa Gerezani akiwa hapati hata moja ya kuweka kwenye kaunta yake.

Viwanda hivyo havijalala. Oktoba 2024 Schaeffler iliungana na Vitesco, kampuni inayotengeneza mifumo ya kuendeshea magari ya umeme, na sababu yake haihitaji mtabiri: mwaka huohuo magari ya umeme, pamoja na yale ya mseto yanayochajiwa, yaliyouzwa duniani yalizidi milioni 17, yaani zaidi ya gari moja kati ya kila magari mapya matano. Gari la umeme tupu kwa kawaida halihitaji klachi ya kuondokea, kwa kuwa mota yake ina nguvu kamili hata ikiwa imesimama na haizimiki kama injini ya petroli.

Hata hivyo, mambo ya Norway na China, ambako magari ya umeme yameshaenea, hayatufikii siku hiyohiyo. Kwetu huja kwa meli ya mitumba, yakiwa yamechelewa miaka saba, minane au kumi. Ndiyo maana sisomi tena takwimu za mauzo ya mwaka huu ili kujua niagize nini. Naangalia kilichouzwa Japani miaka minane iliyopita, kisha nakwenda mwenyewe kwenye yadi za magari na kuhesabu pedali. Mara ya mwisho nilihesabu magari madogo 50, nikakuta mawili tu yenye pedali tatu, yote Probox. Kwa mfanyabiashara wa Kenya muda huo ni mfupi kidogo, kwa sababu sheria ya huko hairuhusu gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka minane.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni kutofunga mtaji kwenye klachi za magari madogo. Weka seti chache za Probox, weka za Hiace na Coaster kwa ajili ya daladala, na usishawishike na bei nafuu ya jumla ya kitu ambacho mteja wake anaondoka barabarani.

Fedha yangu sasa iko kwenye malori. Bandari ya Dar es Salaam inahudumia Zambia, Congo, Rwanda, Burundi na Malawi, na sehemu kubwa ya mzigo wa nchi hizo huondoka kwa barabara. Lori lenye trela likiwa linapanda mlima wa Kitonga nyuma ya jingine lililoharibika, dereva husimama, huondoka, husimama tena, na kila anapoondoka kwa gia isiyofaa klachi huteleza, hupata moto, na harufu yake humfikia hata aliyekaa kwenye basi la nyuma. Malori ya Howo yanayoingia kwa wingi hutumia klachi ya milimita 430, kipimo kinachotumika pia kwenye malori mengi mazito ya Ulaya, lakini tahadhari: kipenyo kikilingana, bado idadi ya meno ya katikati hutofautiana, na kuna preshapleti (kipande kinachoibana sahani) za kusukumwa na za kuvutwa. Nimewahi kumfungia mtu boksi zima kwa kusikia neno "430", akalirudisha jioni na maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kuna badiliko jingine kwenye malori ambalo limenigharimu zaidi. Volvo ilileta I-Shift, giaboksi inayobadilisha gia yenyewe, mwaka 2001, na Scania ina ya kwake, Opticruise, ambayo matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na pedali na ya baadaye yakaiondoa. Klachi bado ipo, ila anayeibana na kuiachia ni kompyuta, na kwa kuwa kompyuta haina haraka ya kufika Tunduma, sahani hudumu muda mrefu zaidi. Wakati wa kubadilisha, kompyuta hiyo lazima ielekezwe upya mahali sahani mpya inapoanza kushika. Sikulijua hilo. Mwaka mmoja nilirudishiwa seti tatu mfululizo, mafundi wakiapa kwamba ni mbovu, nami nikarudisha fedha za mbili. Ya tatu nikaifuata gereji, nikiwa na fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta za malori. Akaiunganisha, akafuata hatua zake kwa muda usiofika nusu saa, na lori likaondoka bila mtikisiko. Tangu siku hiyo, mteja anayenunua klachi ya lori lisilo na pedali namuuliza kwanza fundi wake ana mashine gani, na kama hana, namwelekeza kwa mwenye nayo kabla sijapokea hata shilingi.

Kwenye pikipiki soko bado ni pana, ingawa faida ya kila kipande ni ndogo. Klachi ya Boxer au TVS ni sahani kadhaa nyembamba zinazoogelea ndani ya oili ileile ya injini, na hapo ndipo vijana wa bodaboda wanapojiumiza. Oili nyingi za magari ya petroli za siku hizi huwekewa viambato vya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo, na viambato hivyo huzifanya sahani za pikipiki ziteleze. Wajapani waliweka alama ya JASO MA kwa ajili ya oili zinazofaa klachi za namna hii. Itafute nyuma ya kopo. Nimeuza sahani mpya kwa mtu yuleyule mara tatu kwa mwaka mmoja, hadi nilipomwomba aniletee kopo lake la oili. Nilipoteza mauzo ya sahani, lakini siku hizi ananunulia oili kwangu. Tena, msijaze stoo ya sahani za pikipiki kwa miaka mitano ijayo: kampuni ya Ampersand ilianza kuendesha pikipiki za umeme Kigali mwaka 2019, na Rwanda ikatangaza kwamba kuanzia 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria jijini humo zisajiliwe za umeme tu.

Kuhusu feki, niliumia mwaka 2019 kwa seti 40 za Canter kutoka kwa msambazaji mmoja wa Guangzhou, zikiwa ndani ya maboksi yaliyochapwa vizuri kuliko yale halisi. Wiki ya tatu Canter inayobeba nyanya kutoka Ilula ikaletwa ikivutwa, na tulipofungua tukakuta lainingi, yaani tabaka la msuguano lililo juu ya sahani, imebanduka yote na kubaki vipande kama vya gome la mti. Sasa boksi silitazami. Natoa sahani, napima kipenyo kwa kalipa, nahesabu meno (klachi nyingi za Toyota ninazouza zina 21), naingiza ncha ya kalipa kwenye tundu la ribiti kuona kichwa chake kimezama kiasi gani chini ya lainingi, natikisa springi za katikati kusikia kama zinacheza, kisha naiweka kwenye mizani pembeni ya sahani halisi ninayoitunza kwa kazi hiyo. Feki iliyonipita kwenye kalipa imewahi kukamatwa na mizani.

Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Japani ilipiga marufuku lainingi za namna hiyo mwaka 2004, Umoja wa Ulaya ukafunga mlango wake mwaka uliofuata, na Marekani ikapiga marufuku asbesto iliyokuwa bado ikitumika huko mwaka 2024. Muuzaji akikwepa swali lako kuhusu jambo hili, acha mzigo wake. Na fundi asipulize vumbi la klachi kwa kompresa. Alipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Agizo langu la sasa limejaa klachi za malori, na nafasi iliyobaki ni ya Hiace na oili za pikipiki. Mzigo wa Ulaya nauagiza miezi miwili mapema kuliko zamani, somo nililopata tangu meli zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Na zile seti 18 za Corolla zimebaki 16. Wiki iliyopita mwalimu wa shule moja ya udereva alikuja kuchukua mbili, akaniambia kwamba wanafunzi wake wanamaliza klachi moja kwa miezi minne, na akauliza kama nina nyingine.