Maswali ya Wasomaji: Mvua imenyesha, mbona kisima hakijapanda?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa zabibu huku Mpunguzi, Dodoma. Msimu uliopita mvua haikuwa haba, lakini maji ya kisima chetu cha kijiji hayakupanda. Kila mara hufika wataalamu, wanashusha utepe kisimani, wanaandika, wanaondoka. Vipimo hivyo vinatufaa nini?

JIBU: Ndugu msomaji, mvua uliyoiona shambani na maji yanayofika chini ya ardhi ni hesabu mbili tofauti. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na milimita moja ni sawa na lita moja katika kila mita ya mraba. Sehemu kubwa ya maji hayo huishia kwenye tabaka la juu la udongo, ambako mizizi huyafyonza, na jua na upepo huyarudisha angani kabla hayajazama. Kwa hiyo msimu wa mvua ndogondogo zilizoachana unaweza kustawisha mtama na mizabibu yako na usiongeze hata ndoo moja kisimani.

Kinachojaza hifadhi ya chini ni mvua kubwa zinazofuatana, zenye kushibisha udongo hadi makorongo yatiririke, maji yakapenya kwenye mchanga wa vijito ambavyo wakati wa kiangazi huwa vikavu kabisa.

Hayo tunayajua kutokana na Makutupora, kaskazini mwa jiji, kwenye visima vinavyoihudumia Dodoma, ambako kina cha maji kimepimwa tangu miaka ya 1950. Kumbukumbu ndefu kiasi hicho ni adimu mno katika nchi za tropiki. Uchambuzi wake uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba maji hushuka polepole kwa miaka kadhaa mfululizo, kisha hupanda ghafla katika misimu michache yenye mvua kubwa isiyo ya kawaida, na kwamba ongezeko kubwa kuliko yote lilitokea msimu wa 1997/98, wakati wa El Nino, mvua ambazo wengi wetu tunazikumbuka kwa hasara tu. Jambo hilo lisingeonekana kama wapimaji wangekwenda kisimani miaka ya mafuriko pekee. Kwa maoni yangu, kipimo cha mwaka wa kawaida, ambacho hakuna anayekishangilia, ndicho chenye thamani kubwa zaidi, kwa kuwa pengo la miezi michache haliwezi kuzibwa baadaye kwa kukisia.

Nanyi mnaweza kupima. Shusheni utepe alfajiri kabla pampu haijawashwa, kwa sababu pampu ikifanya kazi maji huvutwa chini na kipimo hupotosha. Anzieni daima alama ileile kwenye mdomo wa kisima, na andikeni tarehe. Mkiwa na kipimamvua, kisomeni kila siku saa 3 asubuhi, siku isiyo na mvua mkiandika sifuri badala ya kuacha wazi. Nakala ipelekeni ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu. Wapimaji wakija tena, msione haya kuwaomba wawasomee takwimu za kisima chenu za miaka iliyotangulia, kabla hamjakubaliana kuongeza ekari za kumwagilia.