Ukikutana na Kaisari wa jiwe, anza na nywele

Mara ya kwanza kuingia British Museum nilifanya ushamba: nilipita kwenye vichwa vya Warumi nikipiga picha kwa simu, kama karani anayehesabu magunia. Niliporudi nyumbani nikajikuta na nyuso kibao zisizo na majina, zote zimefanana. Simu ikae mfukoni basi. Chagua kichwa kimoja.

Mimi humwendea Augustus, yule Kaisari Augusto wa Injili ya Luka aliyeamuru watu wahesabiwe. Kichwa chake cha shaba kilifukuliwa Meroe, Sudan, mwaka 1910. Macho yametiwa vioo na mawe, nayo hayakutazami. Yanakupita kama bosi anayepita mapokezi.

Anza na nywele. Juu ya paji la uso vishungi vimeachana kama mkia wa mbayuwayu. Ule ndio ulikuwa muhuri wake: mafundi wa majimbo ya mbali waliunakili ili hata asiyejua kusoma amtambue.

Kisha uliza umri. Augustus alifariki mwaka 14 BK akikaribia miaka 76, lakini sanamu zake hazikuzeeka. Suetonius, Mrumi aliyeandika maisha ya makaisari kama karne moja baadaye, anasema alikuwa mfupi na meno yake yalikuwa madogo, yameachana, tena mabovu. Sasa yatafute hayo kwenye shaba! Hii ni picha ya kampeni, si ya kitambulisho.

Hapo ndipo nilipoteleza. Nilipomwona Vespasian, Kaisari mwingine wa baadaye, ana upara na makunyanzi, nikaenda nikiwaambia watu kwamba huyu angalau alikuwa mkweli. Wapi! Alishika madaraka mwaka 69, Kaisari Nero na anasa zake akiwa ametoka kufa mwaka uliotangulia, na uso wa askari mzee asiye na makuu ndio uliokuwa ukiuzika. Makunyanzi nayo ni kampeni.

Nirudi Meroe. Karibu mwaka 25 KK jeshi la Kushi, ufalme uliotawala Meroe, lilivamia Misri ya Warumi, likaondoka na sanamu za Kaisari. Kichwa hiki kilizikwa chini ya ngazi za hekalu, kila anayeingia amkanyage. Sanamu nyingi za shaba baadaye ziliyeyushwa. Hii, kwa kudharauliwa, ikasalimika. Ukifika, iname kidogo uitazame shingo, pale ilipotenganishwa na mwili.