Kwa mnaoanza kazi kwenye ofisi ya diwani New York

Simu ya kwanza utakayopokea kwenye ofisi ya diwani haitatoka kwa gavana wala gazetini. Itakuwa ya bibi wa ghorofa ya nne anayelala na koti kwa sababu mwenye nyumba hajawasha joto. Wadogo zangu wengi, wakiwamo waliotoka kwetu Mombasa na Dar na digrii zao za siasa, huisikiliza kwa sikio moja. Wamekuja kujua diwani anapandaje hadi ngazi ya jimbo. Habari za radieta, vile vyuma vya kupasha joto nyumbani, haziwahusu.

Zinawahusu. Kanuni ya jiji ni kwamba kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, mchana, nje kukishuka chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, ndani kuwe angalau 68. Kwa hiyo mtu akikwambia "kuna baridi", bado hujapata kitu. Muulize: ni chumba kipi, saa ngapi, kipimajoto kinasomaje? Umeshapiga 311, simu ya malalamiko ya jiji? Namba ya malalamiko uliyopewa ni ipi? Majirani nao wana joto? Andika yote palepale, pamoja na tarehe. Bila hayo mwenye nyumba atasema hakuwahi kuambiwa, na kesi imekufa. Nimeona faili lililopangwa vizuri na msaidizi asiyejulikana likifanya kazi kubwa kuliko barua yenye nembo ya diwani.

Sasa mtazameni Letitia James, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York. Wengi wanamjua kwa kesi alizomfungulia Donald Trump na chama cha wenye bunduki, NRA. Lakini alianza kama wakili wa watuhumiwa wasio na uwezo katika Legal Aid Society. Baadaye aliongoza tawi la Brooklyn la ofisi ya Mwanasheria Mkuu, enzi cheo hicho kikishikwa na Eliot Spitzer. Yaani alishakijua kiti hicho kwa ndani kabla hajawa hata diwani.

Udiwani wenyewe aliukosa mwaka 2001, akishindwa na James Davis. Julai 2003 Davis alipigwa risasi akafa ndani ya jengo la Baraza la Jiji. Novemba hiyo Letitia James akashinda kwa tiketi ya chama kidogo, Working Families Party, akimwangusha ndugu wa marehemu aliyekuwa na tiketi ya Democrat. Katika mtaa wa Brooklyn ambako tiketi ya Democrat karibu ni ushindi tosha, hilo si jambo la kawaida. Halafu mwaka 2008 Meya Bloomberg akataka ukomo wa vipindi usogezwe kutoka viwili hadi vitatu. James alipinga kwa nguvu, baraza likapitisha, naye akagombea kipindi cha tatu. Mtayaona mengi ya namna hiyo, zoeeni.

Mwaka 2013 alichaguliwa kuwa Mtetezi wa Umma wa jiji zima (Public Advocate), anayefuatilia malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali ya jiji. Cheo kina jina kubwa na mfuko mwembamba: duru ya pili ya mchujo, yaani uchaguzi wa ndani ya chama, iliyompa tiketi ilitajwa kugharimu takriban dola milioni 13, wakati bajeti ya ofisi yenyewe kwa mwaka ilikuwa milioni 2 na ushei. Mtetezi wa Umma anaweza kupeleka muswada barazani lakini hapigi kura. James alikwenda sana mahakamani, na baadhi ya kesi zilitupwa kwa hoja kwamba ofisi yake haina mamlaka ya kushtaki. Kilichofanikiwa ni sheria ya 2017 inayomkataza mwajiri kukuuliza ulikuwa unalipwa kiasi gani kazi ya zamani. Aliendeleza pia orodha ya kila mwaka ya wenye nyumba wabaya kuliko wote, iliyoanzishwa na mtangulizi wake Bill de Blasio. Orodha hiyo hutengenezwa kwa makosa yaliyoandikwa na wakaguzi wa jiji, na mkaguzi huja kwa sababu kuna mtu amelalamika kwa kufuata utaratibu. Mnaona bibi wetu wa ghorofa ya nne alipofika.

Mei 2018 Mwanasheria Mkuu Eric Schneiderman alijiuzulu ghafla, na mchujo ulikuwa Septemba. Miezi minne haitoshi kumtengeneza mtu. James alishinda wapinzani watatu kwa takriban asilimia 40, kura za jiji zikimbeba. Alikuwa na baraka za Gavana Andrew Cuomo, na wengi walinung'unika kwamba atakuwa mtu wake. Agosti 2021 ripoti ya wachunguzi aliowateua ilisema Cuomo aliwanyanyasa kijinsia wanawake 11. Cuomo alikanusha, lakini alijiuzulu mwezi huohuo. Oktoba James akatangaza kugombea ugavana, Desemba akajitoa, na 2022 akakitetea kiti chake akashinda. Mimi naona kujitoa mapema kulimwokoa.

Mkishazoea simu, msimu wa saini utawakuta. Ili jina lake liingie kwenye mchujo, mgombea udiwani anahitaji saini halali 450 za wanachama wa chama chake waliojiandikisha katika eneo lake. Kwa kiti cha jimbo zima, asiyepata kura za kutosha kwenye mkutano wa chama anahitaji 15,000, zikiwa zimetawanyika katika maeneo ya uchaguzi ya jimbo. Kusanyeni zaidi ya mara mbili, kwa sababu mawakili wa upande wa pili watazipitia moja moja wakitafuta anwani iliyokosewa au mtu aliyekwisha kumsainia mwingine.

Na kwa wale ambao bado hamna uraia: kujitolea kwenye kampeni mnaruhusiwa. Pigeni simu, ingizeni majina kwenye kompyuta. Ila msijiandikishe kupiga kura hata karani akikusukumia fomu kwa nia njema. Kosa hilo linaweza kukufungia mlango wa uraia, na diwani wako hataweza kukuokoa.