Jibu: Whakarewarewa ni kijiji cha kweli?

Mkuu, umeuliza kama Whakarewarewa, kule Rotorua, New Zealand, ni kijiji cha kweli au maonyesho ya watalii tu. Ni cha kweli kabisa, watu wanaishi humo. Wenyeji ni Wamaori, watu wa asili wa New Zealand, wa kabila la Tūhourangi Ngāti Wāhiao, na wengi wa Tūhourangi walihamia hapo baada ya mlima Tarawera kulipuka Juni 1886 na kufukia vijiji vyao. Kutembeza wageni ni kazi ya kurithi. Sophia Hinerangi, aliyenusurika mlipuko ule, aliifanya hapo.

Nakushauri uzunguke na mwenyeji. Atakupeleka dimbwi la Parekohoru, mahindi yanatumbukizwa humo yakiwa kwenye mfuko na kuivia humo humo, maji yanachemka yenyewe. Pembeni kuna masanduku juu ya matundu ya mvuke, nyama na viazi vinaiva bila kuni. Hayo mahindi usiyakose! Makaburi nayo yamejengwa juu ya ardhi, maana chini kunatokota.

Watoto washikwe mkono muda wote, na msitoke njiani hata hatua moja. Zile ni nyumba za watu, kwa hiyo omba kabla ya kupiga picha. Ukiwa kijijini utaiona Pohutu, chemchemi ya moto inayorusha maji juu, ila ukitaka kuisogelea, ingilia Te Puia, eneo la utalii la jirani. Kiingilio chake ni tofauti.