Kiitaliano cha ufukweni kinatosha kusomea shahada?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Makunduchi, nimemaliza kidato cha sita, na mwaka wa tano huu nawatembeza wageni wa Kiitaliano kule ufukweni Kiwengwa. Kuzungumza sikwami. Nataka kwenda Italia kusomea shahada ya lugha na utamaduni wao. Nilijipima kwa mtihani wa majaribio wa B2, kile kiwango cha lugha kinachodaiwa na vyuo: kusikiliza na kuzungumza nimepita, kuandika nimeanguka. Tatizo liko wapi? Na hiyo shahada ni kozi ndefu ya lugha tu, au kuna zaidi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kiitaliano ulichokiokota ufukweni ni Kiitaliano cha kweli, asikudanganye mtu. Ila umekipata kwa sikio, na kwa watu walio likizoni, na kalamu inadai vitu ambavyo likizo haivihitaji.

Chukua herufi zinazorudiwa. *Pena* ni uchungu, *penna* ni kalamu. *Capello* ni unywele, *cappello* ni kofia. Ukizungumza, mgeni anaelewa kwa kuwa kofia unayo mkononi. Kwenye karatasi hakuna cha kukuokoa. Zoea kuishikilia ile konsonanti mdomoni kabla hujaiachia, pen-na, cap-pello, na mkono utafuata.

La pili ni ile hali ya kitenzi wanayoiita *congiuntivo*, na hapa wewe una mtaji kuliko unavyodhani. Tunasema "nataka uje", si "nataka unakuja". Mwitaliano naye: *voglio che tu venga*. Mantiki ni ile ile, na hapo wanafunzi wangu Waswahili hawasumbuki. Wanateleza pale ambapo Kiswahili hakibadilishi kitu: "nadhani yuko nyumbani". Wanaandika *penso che è a casa*, kumbe mtahini anasubiri *penso che sia a casa*. Wageni wako wengi husema *è* katika mazungumzo, ndiyo maana sikio lako halikushtuka.

Tena kuna adabu. Ufukweni kila mtu ni *tu*, yaani "wewe" ya kirafiki. Profesa ni *Lei*, "wewe" ya heshima, na barua yake inaanza *Gentile Professoressa, Le scrivo*, siyo *ciao*. Hiyo shikamoo uliyonianzia ndiyo *Lei* yenyewe. Adabu unayo tayari, imebaki kuivalisha nguo yao.

Sasa shahada. Si kozi ya lugha. B2 ni mlango tu. Ukishaingia, unatarajiwa kusoma kwa Kiitaliano kama anavyosoma mwenyeji. Shahada ya kwanza ni miaka mitatu, krediti 180, na kila krediti inahesabiwa saa 25 za kazi yako, darasani na nje ya darasa. Jumla yake ni saa 4,500. Humo mna isimu, fasihi, historia, sanaa, na somo ambalo kwangu ndilo moyo wa shahada yote: historia ya lugha yenyewe.

Bila shaka umeshamsikia mgeni akisema *mo*, mwingine *adesso*, mwingine *ora*, wote wakimaanisha "sasa". *Mo* ni ya Roma na kusini, *ora* utaisikia sana Toscana. Nyuma ya neno dogo hilo kuna karne nyingi za mabishano. Karne ya 14 waandishi Dante, Petrarca na Boccaccio waliandika kwa lugha ya Firenze. Mwaka 1525 Pietro Bembo, mtu wa Venezia, si wa Firenze, akatoa hoja kwamba anayetaka kuandika vizuri awafuate Petrarca na Boccaccio. Mwaka 1612 Accademia della Crusca, jumuiya ya wanalugha ya Firenze, ikatoa kamusi yake. Alessandro Manzoni wa Milano alichapisha riwaya yake kuu mwaka 1827, hakuridhika, akaiandika upya yote ifuate usemi wa watu wa Firenze, ikatoka tena kati ya 1840 na 1842. Na bado, kwa makadirio aliyoyafanya baadaye mwanaisimu Tullio De Mauro, nchi ilipoungana mwaka 1861 waliokijua Kiitaliano hawakufika watu 3 kwa 100. Wengine walizungumza Kisisilia, Kinapoli, Kivenezia. Shule, jeshi, kuhamia mijini, na televisheni kuanzia 1954, ndivyo vilivyokiingiza majumbani.

Wewe wa Makunduchi hilo hutalisoma kama mgeni. Mwaka 1928 kikao cha Mombasa kiliichagua lahaja ya Unguja mjini iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kikae, lahaja ya kwenu, kikabaki nje ya vitabu, kama Kisisilia. Ukiombwa ueleze mtu anapoteza nini na anapata nini lugha ya nyumbani isipokuwa lugha ya shule, utakuwa na la kusema.

Na utaulizwa ana kwa ana, maana mitihani mingi ya vyuo vya Italia ni ya mdomo. Unakaa mbele ya profesa, anafungua ukurasa, unasoma na kueleza. Alama ni juu ya 30, kupita ni 18. Hapo ulimi wako wa Kiwengwa utakufaa sana.

Kuhusu pa kwenda, tazama kwanza Siena na Perugia, vyuo vikuu viwili vilivyojengwa kwa ajili ya wageni. Siena hutoa cheti cha CILS, Perugia CELI. Ukiwa na kimojawapo cha B2, kwa kawaida hufanyishwi tena mtihani wa lugha wa kuingilia. Napoli kuna chuo kikuu cha L'Orientale, ambako Kiswahili kinafundishwa, ukitaka siku moja kulinganisha lugha hizi mbili. Maombi hupitia tovuti ya Universitaly, kisha ubalozi wa Italia Dar es Salaam. Wanataka miaka 12 ya shule. Wewe umemaliza kidato cha sita, unayo.

Kwa miezi mitatu ijayo, kila jioni andika ukurasa mmoja kuhusu mgeni uliyemtembeza siku hiyo, kwa *Lei*, kana kwamba unamwandikia yeye. Kesho yake asubuhi usome kwa sauti, na kila herufi iliyorudiwa ipige mstari.